Giza si jibu: kwa nini msaipresi wa kinamasi hupukutisha majani

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki anaijua miti inayopukutisha majani. Mbuyu hubaki mtupu kiangazi, mvule hali kadhalika, na sababu haina ubishi: maji yamepungua ardhini, na kila jani linaloachwa juu ya mti huzidi kuyapoteza. Anaijua pia miti izaayo koni: saipresi iliyoletwa kutoka Mexico na kujaa katika mashamba ya miti ya Kenya na Tanzania, mtarakwa wa milimani, misonobari ya Sao Hill kule Mufindi. Hiyo haipukutishi majani yake yote kwa mkupuo.

Upo mti unaovunja kanuni zote mbili kwa pamoja. Ni mti wa koni, husimama majini kwa miezi mingi ya mwaka, na bado kila mwaka huangusha majani yote. Jijini Stockholm, ambako mwezi Desemba mchana hudumu kama saa sita tu, jibu linalokuja upesi ni giza: jua halipo, jani halina kazi, mti unaliacha. Jibu hilo limo vinywani mwa watu wengi, na kwa karibu karne nzima limekuwa likirudiwa hata na wataalamu. Linaeleweka kwa urahisi, lakini lilipofanyiwa majaribio halikusimama. Kwa kuwa Stockholm imekuwa na mkono katika habari za mti huu tangu mwanzo, ni vyema suala lote lipimwe kwa kuanzia huko.

Mti wenyewe na jina lake

Huitwa Taxodium distichum kwa jina la kitaalamu. Hapa tuuite msaipresi wa kinamasi. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, kutoka Delaware hadi Texas, na kaskazini kwa kufuata bonde la mto Mississippi mpaka kusini mwa Illinois. Ni mti rasmi wa jimbo la Louisiana. Huishi miaka mingi kupita kiasi: mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na David Stahle walitangaza kwamba msaipresi mmoja kando ya Black River, North Carolina, ulikuwa na umri wa angalau miaka 2,624, hesabu iliyopatikana kwa kuhesabu pete za mbao.

Ulifika Uingereza karibu mwaka 1640, ukiletwa na mkusanyaji mimea John Tradescant kijana. Jina la kitaalamu, hata hivyo, lilitoka Sweden. Mwaka 1753 mchapishaji Lars Salvius wa Stockholm alitoa kitabu cha Carl Linnaeus, Species Plantarum, ambacho ndicho msingi wa majina ya mimea hadi leo. Humo mti wetu umeandikwa Cupressus disticha, yaani umewekwa katika kundi la saipresi. Mfaransa Louis-Claude Richard aliutoa humo mwaka 1810 na kuupa jenasi yake yenyewe, Taxodium. Neno distichum likabaki, nalo linahusu safu mbili za majani.

Safu hizo zinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndizo zitakazoamua mengi mbele. Chukua kijitawi kimoja. Majani ni membamba, laini kama unyoya, urefu wa sentimita moja au mbili, yamepangwa pande mbili za kijiti chembamba. Ukitazama yanapoanzia, utaona kwamba hayakabiliani: moja liko huku, linalofuata liko juu kidogo upande wa pili. Mwezi Oktoba majani hugeuka rangi ya kutu. Kisha jani halianguki peke yake, bali kijitawi kizima hukatika pamoja na majani yake. Mti hautupi majani tu. Hutupa na vishikio vyake.

Miti ya koni yenye tabia hii ni michache. Jenasi zake ni tano: mlachi, unaopandwa sana Sweden, mlachi wa uongo wa China, gliptostrobo wa China na Vietnam, metasekoya, na msaipresi wa kinamasi pamoja na nduguze. Jambo la kukumbuka ni kwamba hazitoki tumbo moja. Milachi ni ukoo wa misonobari. Tatu za mwisho ni ukoo wa saipresi. Na hata ndani ya ukoo wa saipresi, metasekoya imo katika tawi la miti mikubwa ya California isiyopukutisha, ilhali msaipresi wa kinamasi na gliptostrobo ni jamaa wa karibu wa sugi ya Japani, nayo haipukutishi. Kwa hiyo tabia hii imezuka zaidi ya mara moja.

Mawe ya Frescati

Hoja ya giza haikuanzia kwenye mti ulio hai. Ilianzia kwenye mawe. Adolf Erik Nordenskiöld, aliyekuwa msimamizi wa kitengo cha madini katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Sweden tangu 1858, alisafiri mara kadhaa kwenda Spitsbergen, mbali kaskazini ndani ya mzingo wa Aktiki, na kurudi Stockholm na visukuku vya majani. Vilipelekwa Zürich kwa Oswald Heer, bingwa wa fani hiyo, ambaye kati ya 1868 na 1883 alichapisha juzuu saba za Flora fossilis arctica. Katika majani yale Heer alimtambua ndugu wa msaipresi wa kinamasi. Mwaka 1884 makumbusho yakaunda idara ya mimea ya kale chini ya Alfred Nathorst, na tangu 1916 jengo lake limesimama Frescati, kaskazini mwa jiji, jirani na bustani ya mimea ya Bergius.

Ugunduzi huo uliwashtua watu. Pahali pasipo na mti hata mmoja leo palikuwa na msitu wa kinamasi, na mabaki ya misitu ya aina hiyo ndiyo makaa ya mawe ambayo Wasweden wenyewe walikwenda kuyachimba kwenye mgodi wa Svea kuanzia 1917, kabla ya kuuuza kwa kampuni ya Norway ya Store Norske mwaka 1934. Swali likajileta lenyewe: miti hiyo iliishije miezi ya usiku usiokucha?

Kabla ya kujibu, ushahidi wenyewe ulibidi urekebishwe. Mwaka 1941 Mjapani Shigeru Miki aligundua kwamba visukuku vingi vilivyoitwa Taxodium au Sequoia havikuwa hivyo. Majani yake yalikabiliana, jani kwa jani, na koni zilining'inia kwenye vikonyo virefu. Akaviundia jenasi mpya, Metasequoia, akidhani ni mti uliokwisha kutoweka. Muda si mrefu miti hai ya aina hiyo ikapatikana katika mabonde ya China ya kati. Ikaelezwa rasmi mwaka 1948, na mwaka huohuo mbegu zake zikasambazwa duniani na bustani ya Arnold ya Marekani. Visukuku vya Spitsbergen navyo vikatazamwa upya, na majani mengi ya Heer yakahamia kwenye metasekoya. Hata umri ulibadilika: Heer aliviweka katika enzi ya Miosini, kumbe ni vya kale zaidi, vya Paleosini na Eosini.

Hapa kuna somo la kazi ambalo binafsi naliona kubwa kuliko ubishi wa majina. Marekebisho haya yaliwezekana kwa sababu mawe yalikuwa bado yapo kwenye droo, na lebo ya mahali yalipookotwa haijapotea. Mtaalamu aliyekosea alikwisha kufa. Sampuli yake ilibaki ikimsubiri atakayeisoma vizuri zaidi. Nairobi na Dar es Salaam zina hazina zao za mimea iliyokaushwa, na kila mwaka bajeti inapopunguzwa, hazina za namna hii huwa za kwanza kuonekana mzigo.

Hoja ya giza

Inasema hivi: jani hupumua usiku na mchana. Likiwa na mwanga hutengeneza sukari kuliko linavyotumia; likikosa mwanga hutumia tu. Katika nyakati zile Aktiki ilikuwa na joto, na upumuaji huongezeka joto linapopanda. Mti wenye majani katika usiku wa miezi mitatu au minne ungekula akiba yake mpaka uishiwe. Basi ni heri kuyaangusha.

Nguvu yake ni mpangilio wa ushahidi. Katika kisiwa cha Axel Heiberg, kaskazini ya mbali ya Kanada, kuna visiki vya miaka milioni 45 hivi ambavyo havijawa mawe. Ni mbao bado, unaweza kuzipasua kwa msumeno. Iliyotawala pale ni metasekoya na gliptostrobo, yote ya kupukutisha. Giza refu na miti ya kupukutisha vikikutwa pamoja, mtu huona sababu na matokeo.

Udhaifu wake ni kwamba hesabu haikuwa imefanywa. Mwaka 2003 Dana Royer, Colin Osborne na David Beerling, wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Sheffield, walichapisha majibu ya jaribio katika jarida la Nature. Walikuza miche ya metasekoya, msaipresi wa kinamasi na ginkgo, pamoja na miche ya miti isiyopukutisha, katika mwanga uliopangwa kufuata majira ya ncha ya dunia, mingine ikipewa hewaukaa ya kawaida na mingine ya kiwango cha kale. Wakapima kaboni inayopotea kwa upumuaji wa gizani na kaboni inayopotea kwa majani yaliyoanguka. Mti unaopukutisha ulipoteza zaidi. Kutupa majani yote ni kutupa kaboni yote iliyoyajenga, nayo ni nyingi kuliko kile jani tulivu linachokipumua wakati wote wa baridi. Walipoikuza hesabu hiyo kwa miti mikubwa, tofauti ilidumu hadi latitudo 83, ambako giza hupita miezi mitano. Wakaikataa hoja ya giza waziwazi.

Inaweza kusemwa kwamba miche ya kwenye nyumba za vioo si msitu. Ni kweli, na makadirio ya miti mikubwa yalifanywa kwa mahesabu, si kwa mizani. Lakini upo ushahidi wa upande mwingine wa dunia: visukuku vya kisiwa cha Alexander huko Antaktika, vya zama za Kretasia, vinaonyesha misitu ya ncha ya kusini ambamo miti isiyopukutisha ilikuwa ndiyo mingi. Giza lilikuwa lilelile. Kama giza ndilo linaloamuru, kwa nini liliamuru kaskazini na kunyamaza kusini?

Hoja ya baridi

Wengine hushika baridi badala ya giza. Udongo ukiganda, mizizi haivuti maji. Jua la Machi likiwaka na upepo ukivuma, majani hupoteza maji yasiyoweza kurudishwa. Huo ni ukame kamili, ijapokuwa theluji imejaa kila mahali. Mafundisho ya mbuyu yanarudi hapa kwa sura ya kaskazini. Hoja hii ina mashahidi wazuri. Mlachi wa Siberia ya mashariki ndio unaofika kaskazini kuliko mti mwingine wowote, kwenye rasi ya Taimyr. Na ndugu wa msaipresi wetu anayekua Mexico, maarufu kwa mti mmoja wa Santa María del Tule, Oaxaca, wenye shina nene kuliko yote yajulikanayo duniani, hubaki na majani karibu mwaka mzima palipo na joto. Ndugu wa karibu, baridi kidogo, na kupukutisha kunapungua. Ushahidi huo ni mzito.

Tatizo ni kwamba miti mingine imepata njia nyingine ya kukabili baridi hiyohiyo. Misprusi na misonobari ya Sweden hukaa kijani Januari nzima kwa sababu sindano zake ni ngumu na zimepakwa nta. Katika vinamasi vya Kanada mlachi na msprusi mweusi husimama mguu kwa mguu, maji yaleyale, baridi ileile, mmoja mtupu na mwingine umevaa. Kwa hiyo baridi inaeleza kwa nini jani laini la msaipresi haliwezi kuvuka kipupwe cha Illinois. Haielezi kwa nini mti ulichagua jani laini tangu awali.

Hoja ya gharama ya jani

Ndipo tunapofika kwenye hoja ambayo, kwa maoni yangu, inabeba uzito mkubwa zaidi, ingawa ndiyo isiyosimuliwa sana. Jani ni kitu kinachogharimu. Mti unaweza kutumia kingi kujenga jani gumu litakalodumu miaka kadhaa, au kutumia kidogo kujenga jani jepesi la msimu mmoja, sawa na anayenunua ndala kila mwaka badala ya viatu vya ngozi. Jani jepesi lina faida yake: kwa kila gramu iliyotumika hupokea mwanga mwingi na kutengeneza sukari upesi. Hasara yake ni kwamba kila mwaka mti lazima upate upya nitrojeni, fosforasi na madini mengine ya kulijengea.

Swali basi linakuwa: ni wapi ambapo mti unaweza kumudu gharama hiyo kila mwaka? Jibu ni pale madini yanapoletwa bure. Bonde la Mississippi hufurika, mto hubwaga tope lenye rutuba, maji hupwa, na msimu wa joto ni mrefu. Msaipresi wa kinamasi umekaa katikati ya utajiri huo. Mabonde ya Aktiki ya kale yalikuwa na mito, mafuriko na tope, na kiangazi ambacho jua halikuzama kwa miezi. Pahali pa namna hiyo jani jepesi linalofanya kazi kwa kasi hulipa deni lake kabla ya kuanguka.

Hoja hii nayo ina pengo, na pengo hilo ni mlachi wa Amerika Kaskazini. Wenyewe huishi kwenye vinamasi vya mboji vilivyo fukara wa madini, na bado hupukutisha. Utetezi uliopo ni kwamba milachi ina ustadi mkubwa wa kunyonya nitrojeni kutoka kwenye sindano kabla hazijaanguka, hivyo kinachotupwa ni makapi. Utetezi huo ni wa kweli, lakini unaonyesha kwamba gharama inaweza kupunguzwa kwa zaidi ya njia moja, na kwamba ukoo wa misonobari huenda ulifika kwenye tabia hii kwa barabara nyingine kabisa.

Urithi nao una sehemu yake, na hauhitaji maneno mengi. Metasekoya zilipukutisha tangu zama za Kretasia. Tabia iliyokwisha kujengeka haifutiki kwa sababu mazingira yamebadilika. Hubaki mradi haiuui mti. Ila urithi hueleza kwa nini jambo linaendelea, hauelezi lilianzaje.

Magoti, na mazoea ya kukisia

Msaipresi wa kinamasi una fumbo la pili linaloonyesha jinsi maelezo yanavyokubalika kwa sura tu. Mizizi yake hutoa vinundu vya mbao vinavyochomoza juu ya maji, vingine kufikia kimo cha mtu, na watu huviita magoti. Tangu karne ya 19 ilisemwa ni pua za mti. Mkazi wa Lamu, Rufiji au Pemba angekubali mara moja, maana ameona mizizi ya mchu na mlilana ikitokeza kwenye tope, na magoti ya muia yaliyopinda, na kazi yake ya kupumua imethibitishwa.

Lakini mizizi ya mikoko ina vitundu vya hewa vinavyoonekana. Magoti ya msaipresi hayana. Vipimo vya Kramer na wenzake mwaka 1952 havikukuta kwamba magoti yanapitisha hewa ya kutosha kuusaidia mti. Vipimo vingine vilivyochapishwa mwaka 2015 vikairudisha hoja, kwa kuonyesha kwamba oksijeni ndani ya mizizi ina uhusiano na magoti kuwa wazi kwa hewa. Wapo pia wanaosema kazi yake ni kuushikilia mti kwenye tope. Shauri hili bado liko wazi, na kufanana na mikoko peke yake hakuwezi kulifunga.

Hukumu, na maana yake kwa mpandaji

Nikiziweka hoja zote kwenye mizani, nasema hivi. Giza litolewe kwenye orodha ya sababu kuu. Limepimwa na limepungua. Baridi ibaki, lakini kama sababu inayoamua wakati wa kupukutisha na mahali ambapo ni lazima. Chanzo kilicho karibu zaidi na ukweli ni biashara ya jani la bei nafuu katika ardhi ya mafuriko yenye rutuba na kiangazi chenye nguvu, tabia ambayo baadaye ilirithiwa. Kwa milachi hukumu hii haitoshi, na wanaozichanganya jenasi zote tano katika jibu moja wanajipotosha.

Hili si suala la vitabuni tu. Kama tatizo la mti lingekuwa giza na baridi, mkazi wa Stockholm angeuogopea Januari. Lakini wastani wa joto la Januari Stockholm na kusini mwa Illinois uko karibu na nyuzi sifuri pande zote mbili. Kinachotofautiana ni Julai: Stockholm hukaribia nyuzi 18, kule Illinois hupita 25. Upungufu wa mti huu Stockholm uko kwenye kiangazi. Msimu mfupi na wa ubaridi hauupi muda wa kukomaza matawi mapya, na tawi lisilokomaa huuawa na jalidi ya kwanza. Anayetaka kuupanda achague ukuta au mteremko unaopokea jua la kusini, na mbegu zilizotoka kwenye mpaka wa kaskazini wa makazi yake. Hahitaji kinamasi: mti uliokwisha kushika hukua vizuri kwenye udongo wa kawaida wa bustani, na mbegu zake hazioti zikiwa chini ya maji.

Ipo faida ya kuupanda. Sweden imepoteza miti mingi kwa ugonjwa wa mielmi na ule wa miashi, na jiji lenye aina nyingi za miti haliwezi kuporwa zote na kuvu mmoja. Hata hivyo usipelekwe kwenye vinamasi vya asili. Hayo ni makao ya miti ya huko, na Afrika Mashariki inajua matokeo ya mgeni mwenye kiu kuwekwa kwenye chanzo cha maji: mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliamuru mikaratusi ya kando ya mito ing'olewe. Bustani na viwanja vya mjini vinautosha.

Na mwenye mti huu, aliyeuona mtupu wakati misonobari ya jirani ni kijani, asiite mtu wa msumeno. Akwangue gome la kitawi kwa ukucha. Kikiwa kijani chini yake, mti ni mzima. Huchelewa sana kuchipua panapokuwa na ubaridi, kwa hiyo ausubiri hadi Juni kabla ya kuamua lolote.